Maswali ya chanjo ninayoulizwa kila wiki, na majibu yake

Mimi ni mhudumu wa afya ngazi ya jamii huku Tanga, tena Tanga ya ndani ndani siyo mjini, na simu yangu haipumziki. Wakina mama wananitumia voisi usiku wa manane, wakina baba wananisimamisha njiani wakiwa juu ya bodaboda, na maswali ni yale yale, ndo maana nimeyaandika sehemu moja ili mtu akiuliza niwe namtumia tu. Ratiba niliyoweka ni ya Tanzania. Kama uko Kenya, Uganda, Burundi au Kongo vitu vingi vinafanana ila tofauti ndogo ndogo zipo, angalia kadi ya kwenu.

Kitu kimoja nitangulize kabla hujasoma. Watoto niliowakuta majumbani wamepungukiwa chanjo, wengi wao mama zao hawakukataa kitu. Kadi ilipotea kwenye kuhama, au mama alikwenda kwenye msiba akakaa wiki tatu, au alifokewa mara moja kliniki akaona aibu kurudi. Waliokataa kabisa nawahesabu kwa vidole vya mkono mmoja. Kwa hiyo humu sigombani na mtu.

Ratiba ya mtoto ikoje, nipe kwa kifupi

Akizaliwa anapata BCG, ile sindano ndogo ya bega la kulia, inamkinga na kifua kikuu kile kibaya cha watoto kinachopanda mpaka kwenye ubongo, na matone ya polio mdomoni. Matone haya ya mwanzo yanaitwa polio sifuri na yanatakiwa ndani ya siku 14, ukipitiliza usihangaike, unaanza na ya wiki ya 6.

Wiki ya 6, wiki ya 10 na wiki ya 14: matone ya polio, penta paja la kushoto, na nimokoko (PCV) paja la kulia, hii ndo ya kichomi na homa ya uti wa mgongo. Ya rota ya kuzuia kuharisha ni ya mdomoni nayo inaanzia hapo hapo wiki ya 6. Wiki ya 14 inaongezeka polio ya sindano. Alafu kimya mpaka miezi 9, anachomwa surua-rubella, na miezi 18 anachomwa tena hiyo hiyo. Msichana akifika miaka 9 mpaka 14 anapata HPV, ile ya kuzuia saratani ya mlango wa kizazi, dozi moja basi.

Ile ya miezi 18 ndo inayosahaulika kuliko zote, na naelewa kwa nini, mtoto anakimbia, anakula ugali, mama karudi kwenye biashara yake, nani atakumbuka kliniki? Lakini surua ukichoma mara moja kwenye miezi 9, kati ya watoto 100 kama 85 hivi ndo wanaopata kinga, wale 15 waliobaki wanatembea wakijua wamekingwa na hawajakingwa. Mara ya pili ndo inawafuata hao.

Penta ni nini, mbona wanaitaja sana?

Ni sindano moja yenye kinga tano: dondakoo, kifaduro, pepopunda, homa ya ini B, na kile kibakteria kinaitwa Hib kinacholeta nimonia na homa ya uti wa mgongo kwa watoto. Neno lenyewe linatokana na tano. Hii ndo inayoleta homa usiku kwa hiyo ina sifa mbaya mtaani, wakati kwa maoni yangu ndo sindano yenye kazi kubwa kuliko zote kwenye ile kadi. Kifaduro hujakiona, ndo maana unakidharau. Mtoto wa miezi miwili anakohoa mfululizo bila kupata nafasi ya kuvuta hewa, midomo inageuka bluu, alafu ikija pumzi inaingia na mlio kama jogoo anayejifunza kuwika. Nilimshuhudia mmoja tu, na mama yake alikuwa amekaa kwenye benchi anamhesabia vikohozi kwa sauti.

Nimetembea toka asubuhi, nesi kaniambia rudi Jumanne. Ni haki?

Hili swali ndo linaloniumiza, acha nilieleze vizuri.

BCG na surua-rubella zinakuja zikiwa unga mkavu ndani ya kichupa. Nesi anachukua maji yake maalum, siyo maji yoyote, ni yale yaliyokuja na chanjo ile ile, anachanganya, anaandika saa kwenye kichupa kwa kalamu. Kuanzia hapo ana saa 6 tu, au mpaka mwisho wa kliniki, chochote kitakachotangulia, kilichobaki kinamwagwa hata kama kilikuwa nusu. Haina dawa ya kuzuia vijidudu visikae, ikilala inaweza kumdhuru mtoto vibaya. Sasa kichupa cha BCG kina dozi 20, cha surua mara nyingi 10. Wewe umefika Ijumaa peke yako, nesi anawaza akifungua anamwaga dozi tisa, na mwisho wa mwezi anaulizwa dozi zimekwenda wapi. Anakuambia rudi siku ambayo watoto wanakuwa wengi.

Nimekueleza upande wake. Ila ukweli ni kwamba muongozo wa WHO (Shirika la Afya Duniani) kwenye surua unasema fungua hata kama mtoto ni mmoja, kwa sababu dozi tisa zilizomwagika ni nafuu kuliko mama aliyetembea kilomita nane akaondoka asirudi. Kwa hiyo unaruhusiwa kuuliza kwa upole, "Sista, nimetoka mbali na wiki ijayo sina uhakika, hamwezi kunisaidia leo?" Mara nyingi nimeona wakifungua. Wakishindwa kabisa, mwambie akuandikie tarehe kwenye kadi na uulize siku ya kuchanganya ni ipi, vituo vingi vina siku yake. Na kama kwenu kuna huduma ya mkoba, yaani wale wanaokuja na kisanduku cha baridi kijijini mara moja kwa mwezi chini ya mwembe au ofisi ya kijiji, hapo mara nyingi kichupa kinafunguliwa maana watoto wanajaa.

Umeme ukikatika chanjo si zinaharibika? Nitajuaje?

Chanjo zinakaa kwenye nyuzi joto 2 mpaka 8. Joto linaziua na baridi ya kugandisha nayo inaziua baadhi, penta na ya pepopunda zikiganda tu zimekwisha, ndo maana haziwekwi kwenye friza kama samaki. Vituo vingi vya vijijini siku hizi vina friji za sola au za gesi.

Alafu kuna kitu kizuri sana ambacho wamama wengi hawakijui. Angalia kichupa kwa karibu, muombe nesi akuoneshe, hakuna anayekatazwa. Kwenye lebo au kwenye kizibo kuna kiduara cha rangi ya zambarau na katikati yake kuna kamraba. Kamraba kakiwa keupe kuliko duara, chanjo haijapata joto la kuiharibu. Kamraba kakifanana rangi na duara au kakawa keusi zaidi, inatupwa. Kale kamraba hakarudi nyuma, hata ukirudisha kichupa kwenye friji, rangi iliyoingia imeingia. Mimi nilipofundishwa hicho kitu nilikaa kama dakika tano nakitazama tu.

Nimechelewa miezi mitatu, tunaanza upya?

Hapana. Unaendelea ulipoishia. Penta ya kwanza aliyochomwa haifutiki kwa sababu umechelewa ya pili, mwili unakumbuka. Kinachotakiwa ni kati ya dozi na dozi ziwe zimepita angalau wiki 4, hupunguzi hapo. Nimeona mama anamficha mtoto wa mwaka na nusu kwa sababu anajua atasemwa, mtoto hana hata surua ya kwanza. Mlete. Rota ina mwisho wake, akishafika miaka miwili haina haja tena, BCG nayo ni ya ndani ya mwaka wa kwanza, nyingine zote tunapanga hapo hapo.

Kadi imepotea / imelowa / panya wamekula

Nenda kituo kile kile ulichoanzia, wana rejista, na vingi vinaingiza watoto kwenye mfumo wa kielektroniki, wanatafuta kwa jina la mama na tarehe ya kuzaliwa. Wakikupata wanakuandikia nyingine. Wasipokupata, chanjo ambayo haina ushahidi inarudiwa, na kurudia hakumdhuru mtoto. Kovu la begani siyo kadi nzima, linaonesha BCG tu, msije mkaniambia "si kovu lipo".

Ushauri wangu: piga kadi picha leo, jitumie mwenyewe WhatsApp au mtumie baba mtoto.

Mtoto kachomwa kapata homa, nimpe nini?

Ya penta inakuja siku ile ile au kesho yake, paja linauma, analia ukimshika, kwa siku moja mbili. Mnyonyeshe sana, mpunguzie nguo (jamani acheni kumfunika mtoto mwenye homa blanketi mbili na kofia ya sufi kwenye joto la Tanga), na dawa ya maji ya paracetamol kwa kipimo cha uzito wake kama ana homa kweli, siyo kumpa kabla hajachomwa eti kujihami. Paja usilikande na maji ya moto wala usilisugue na mafuta ya taa, ndiyo, nimekuta.

Ya surua ni tofauti, inachelewa. Siku ya 7 mpaka ya 12 unaweza kuona kahoma na vipele vichache, mama anafikiri ni malaria mpya kumbe ni ile sindano ya wiki iliyopita.

BCG nayo ina tabia yake. Baada ya wiki 2 mpaka 6 panatoka kijipu, kinapasuka, kinakauka polepole kinabaki kovu. Usikikamue, usipake dawa, usifunge bandeji, acha hivo hivo, muogeshe kawaida. Kisipotoka kabisa nayo siyo kesi, hachomwi tena.

Sasa vitu vya kukimbia navyo hospitali: degedege, kuvimba uso, kuhema kwa shida, kulia bila kunyamaza zaidi ya saa tatu, kulegea. Mzio mkali unatokea kama mara moja kwenye dozi milioni moja, na ukitokea unatokea haraka, ndo maana tunakuambia kaa pale kwenye benchi nusu saa kabla hujaondoka.

Sindano tatu kwa siku moja, huyo mtoto mdogo hatazidiwa?

Wiki ya 14 ndo zinafika tatu na matone juu yake, na ndo siku ambayo mama analia kuliko mtoto. Mwili wa mtoto tangu atoke tumboni unapambana na vijidudu maelfu kila siku, vya ngozi yako, vya kanga uliyombebea, vya kidole anachonyonya. Vilivyomo kwenye zile sindano ni vichache sana ukilinganisha. Ukiomba ziachanishwe maana yake uje mara tatu, ulipe nauli mara tatu, na mtoto awe hana kinga kwa wiki zote hizo. Kitu kinachosaidia kweli ni kumnyonyesha wakati anachomwa. Wengine wanakatazwa eti atapaliwa, mimi nimemnyonyesha wa kwangu hivo na alilia sekunde chache tu.

Ana mafua, au yuko kwenye dozi ya antibiotiki, nisubiri?

Mafua, kikohozi kidogo, kuharisha kidogo, antibiotiki, utapiamlo, njiti, hivi vyote havizuii. Tena mwenye utapiamlo ndo anahitaji zaidi maana surua ikimkuta haina huruma. Mtoto anayeumwa sana mpaka anatakiwa kulazwa, huyo anatibiwa kwanza. Na mtoto aliyegundulika ana VVU kuna chanjo hai kama BCG ambazo daktari anaamua, mwambie nesi ukweli pembeni, asikudhanie. Aliyezaliwa na mama mwenye VVU lakini mwenyewe hana dalili anachanjwa kama wengine.

Kweli zinaleta utasa?

Hii inazunguka kila kampeni, ikifika ya wasichana ndo inapamba moto. Kenya mwaka 2014 ilifika mbali mpaka maaskofu wa Katoliki wakapinga kampeni ya pepopunda kwa wanawake, na serikali, WHO na UNICEF zikajibu kwamba chanjo ni salama. Mimi jibu langu ni la kijijini zaidi. Sindano ya pepopunda tunawachoma wajawazito, miaka nenda rudi, mama zetu walichomwa wakatuzaa sisi, sisi tukachomwa tukazaa. Kama ingekuwa ya kufunga kizazi ningekuwa sina kazi, na leo nina kitabu kimejaa wajawazito mpaka nimeongeza karatasi kwa stepla.

Uoga wenyewe siudharau lakini. Neno chanjo lenyewe linatokana na kuchanja, kukata ngozi, ni ndugu wa chale, na mtu akija kukuchanjia mwanao ni haki yako kuuliza anaingiza nini. Uliza. Ila ukishajibiwa usirudi kwenye grupu kusambaza ile voisi ya mwanamke asiyejulikana.

Na otizimu (usonji) je?

Hii ya kusema chanjo ya surua inaleta otizimu ilitoka Uingereza mwaka 1998, daktari anaitwa Andrew Wakefield aliandika utafiti wa watoto 12 tu. Jarida lililoutoa likaufuta 2010 na yeye akafutwa kwenye orodha ya madaktari. Baadaye Denmark wakaangalia watoto zaidi ya laki 6 na nusu, matokeo yakatoka 2019, waliochanjwa na wasiochanjwa hamna tofauti. Kwa nini bado inasikika? Kwa sababu dalili za otizimu zinaanza kuonekana umri ule ule wa chanjo, mwaka na nusu miaka miwili, na mzazi anatafuta cha kulaumu.

Polio si ilishaisha? Mbona wanapita nyumba kwa nyumba tena?

Polio ile ya asili Tanzania mgonjwa wa mwisho alikuwa 1996, tukapewa cheti 2015, na Afrika nzima ikatangazwa 25 Agosti 2020. Alafu 2022 Malawi ikatokea mtoto mwenye kirusi kilichofanana na cha Pakistan. Malawi ni jirani, mpaka ule watu wanavuka na baiskeli, kwa hiyo nchi zote za pembeni zikatoa matone na sisi tukiwemo.

Kuna kitu kingine nikuambie wazi kwa sababu usiposikia kwangu utakisikia kwa mtu mwenye nia mbaya. Matone yana kirusi hai kilichodhoofishwa. Mahali ambapo watoto wengi hawajachanjwa, kile kirusi dhaifu kinaweza kuzunguka kwenye vyoo na maji kwa muda mrefu mpaka kikapata nguvu tena na kupoozesha mtoto. Kinatokea mara chache, na kinatokea pale pale penye mapengo. Ndo sababu tumeongezewa polio ya sindano, ambayo kirusi chake kimekufa kabisa.

Na ukiona mtu anaogopa sindano usimcheke, mtu wa mwisho duniani kuugua ndui kwa njia ya kawaida alikuwa muoga wa sindano. Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali kule Merca, Somalia, mwambao huu huu wa kwetu, Oktoba 1977. Alikuwa anafanya kazi hospitalini na bado aliikwepa chanjo kwa kuhofia maumivu. Akapona. Miaka ya baadaye akawa anapita kwa wazazi kuhamasisha polio na anawasimulia habari yake mwenyewe, mpaka akafariki 2013 kwa malaria akiwa kwenye kazi hiyo hiyo.

Surua si ugonjwa wa kawaida tu, sisi wote tuliugua?

Walioko hai ndo wanaosema hivo. Dada wa bibi yangu alikuwa na jicho moja jeupe kama ganda la yai, surua, alikuwa na miaka mitatu. Inaingia machoni, mapafuni, tumboni, na inafuta kumbukumbu ya kinga mtoto aliyokuwa nayo kwa magonjwa mengine, kwa hiyo hata akipona miezi inayofuata anaugua ugua. Mgonjwa mmoja kwenye watu wasio na kinga anaweza kuambukiza 12 mpaka 18, na akishatoka chumbani kirusi kinaweza kubaki hewani kwa muda wa saa mbili nzima. Ndo maana tunataka watoto 95 kwa 100, chini ya hapo inapata njia.

Kwa nini miezi 9 na si mapema? Kinga ya mama inayokaa kwenye damu ya mtoto inaiua chanjo kabla haijafanya kazi. Na matone ya vitamini A yanayogawiwa Juni na Desemba siyo chanjo, yanasaidia macho na nguvu, hayafuti deni la surua.

Binti yangu ana miaka 10, HPV ya nini, hajaanza mambo hayo

Ndo maana yake, kabla hajaanza. Kirusi cha HPV aina ya 16 na 18 ndo vinavyobeba kama asilimia 70 ya saratani ya mlango wa kizazi, na hiyo saratani ndo inayoongoza kwa wanawake wetu. Chanjo inazuia kirusi kisiingie, kikishaingia haikitoi. Tanzania ilianza 2018 na wa miaka 14, dozi mbili, na Aprili 2024 ikawa miaka 9 mpaka 14 dozi moja. Wanachomwa shuleni, asiyesoma aende kituoni. Hakuna mtoto aliyeanza uhuni kwa ajili ya sindano ya bega. Na wewe mama mtu mzima HPV imekupita, cha kwako ni kupima mlango wa kizazi, nenda.

Mjamzito anachomwa nini?

Pepopunda na dondakoo, Td. Ya kwanza ukianza tu kliniki, ya pili baada ya wiki 4, ya tatu baada ya miezi 6, ya nne mwaka mmoja, ya tano mwaka mwingine, ukifikisha tano umemaliza kwa umri wako wote wa kuzaa. Inamlinda mtoto anayekatwa kitovu. Pepopunda ya vichanga ilikuwa inawaondoa siku ya tano, ya saba, mtoto anashindwa kunyonya, mwili unakaza kama ubao. Kadi ya zamani itunze, usihesabiwe moja kila mimba.

Mimi mwanaume mzima kuna chanjo yangu?

Ipo. Homa ya ini B, unapima kwanza, kama huna unachomwa tatu: leo, mwezi mmoja, miezi sita. Kwa watu wazima mara nyingi ni ya kulipia, na kama unafanya kazi hospitali, saluni ya kunyoa, au nyumbani kuna mwenye ugonjwa, usiahirishe.

Homa ya manjano ni ya wasafiri, angalau siku 10 kabla ya safari, na tangu 2016 kile cheti cha njano ni cha maisha, hamna kurudia kila miaka 10. Tafadhali usinunue muhuri bila sindano, mbu hasomi muhuri. Wanaokwenda Hijja au Umra wanatakiwa homa ya uti wa mgongo, nayo siku 10 kabla.

Mbwa akikuuma, au paka, osha kidonda kwa maji yanayotiririka na sabuni dakika 15, hesabu kwenye saa, alafu nenda siku hiyo hiyo ukaanze chanjo ya kichaa cha mbwa. Usisubiri uone kama mbwa atakufa. Dalili zikishaanza kwa mtu hamna daktari wa kukurudisha.

Tunahamia kwa baba yake Uingereza, kadi hii inatosha?

Ibebe na usiiache kwenye begi la chini. Kule, na Marekani pia, kuna vitu huku havipo kwenye ratiba, matumbwitumbwi kwa mfano inaunganishwa na surua-rubella kwenye sindano moja, na tetekuwanga pia wanayo, Uingereza imeanza 2026. Wataangalia kadi yako na kuongeza zilizopungua. Bila kadi wanaanza mwanzo.

Chanjo ya malaria vipi?

Kwenye ratiba niliyonayo mimi haimo, lakini ipo duniani. Kenya walianza magharibi kwao Septemba 2019, Uganda wameanza 2025, na Bagamoyo yetu hapa ni moja ya sehemu zilizofanyiwa majaribio na watu wa taasisi ya utafiti wa afya ya Ifakara. Ni dozi nne. Hata ikija chandarua hakitoki kitandani.

Ni bure kweli?

Chanjo za watoto, za wajawazito na HPV kwenye vituo vya serikali ni bure. Ukiombwa hela ya sindano uliza ni ya nini, kwa sauti ya kawaida. Kituo binafsi wanaweza kukutoza ada ya kumuona mtu lakini chanjo yenyewe ya ratiba haiuzwi.

Nesi wa kwetu ana maneno, alinidhalilisha mbele za watu, siwezi kurudi

Nakuamini. Kuna mama alichelewa wiki mbili, akaulizwa kwa sauti mbele ya foleni nzima kama mtoto ni wa kuokota. Hakuonekana miezi saba. Nilimfuata nyumbani mara tatu, mara ya tatu nikamkuta anapepeta mchele, nikakaa nikaokota mawe naye, hatukuongelea chanjo mpaka tulipomaliza ungo. Kesho yake akaja. Nesi yule kumbe hata hakumkumbuka.

Kama ni wewe, njoo saa mbili asubuhi kabla foleni haijawa ndefu, Jumanne ndo siku ya kuchanganya kwetu. Mimi nakuwa pale kwenye mizani. Njoo na mtoto tu, kadi tutaitafuta ndani.